Daktari wa Pate Hutafutwa Mapema

Msomaji, je, una mpwa huko Faza, Siyu au Kizingitini anayetamani kuwa daktari? Basi usingoje matokeo ya mtihani ndipo umshauri. Huenda mlango umekwisha kufungwa.

Anayeomba nafasi ya udaktari kupitia KUCCPS kwa matokeo ya KCSE lazima awe na angalau C+ katika baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Na hiyo C+ ni ya kupiga hodi tu, kwani wengi wanaoingia wana A au A-.

Katika mfumo mpya wa elimu, mtoto huchagua mkondo wake kabla ya Gredi ya 10. Akiacha sayansi hapo kwa kukosa wa kumwelekeza, kilio cha baadaye hakitamsaidia. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Akikosa chuo kikuu, si aibu. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina tawi Lamu. Afisa wa kliniki au muuguzi aliyezaliwa kisiwani ni hazina, hasa mahali ambapo mgonjwa mahututi huvuka bahari kwa boti kufika hospitali ya King Fahd.

Sisi tulio Mombasa na Nairobi hulalamika kwamba madaktari hawakai Lamu. Je, tumewasaidia wangapi wa kwetu kuwa madaktari? Mpigie mpwa wako simu leo. Muulize anasoma masomo gani.