Maysara wa Biashara Yako ni Nani?



Siku hizi ukifungua simu asubuhi, hata chai haijachemka, umeshapita keki tatu, mabuibui ya Dubai, udi, liwa, sabuni za mwani na piko la bi harusi. Wanawake wa visiwa hivi wanauza, na wanauza kwa bidii, mashaallah. Matangazo wanayo. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni mpango wa uhusiano na umma, yaani namna biashara inavyoishi na watu wake: wateja, majirani, wafanyakazi, wenye kukuuzia malighafi, watu wa redio, hata sheha. Wengi hudhani hayo ni mambo ya mahoteli na mabenki yenye afisa uhusiano na ofisi ya kiyoyozi. Mimi naona mwenye jiko moja na oveni moja ndiye anayeyahitaji zaidi. Hoteli ikipata aibu ina akiba ya kuivusha. Yeye jina likiharibika mwezi wa Shaabani, Ramadhani yote hana oda.

Tangazo ni wewe kujisema. Uhusiano ni watu kukusema wewe ukiwa hupo. Ya kwanza unailipia ikaisha siku hiyo hiyo, ya pili inakuandama mpaka kwa wajukuu.

Tumtazame mama yetu Bi Khadija (r.a.). Tunamtaja sana tukitaka waume zetu waturuhusu kufanya biashara, lakini ni wachache wanaotazama alivyofanya kazi yenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, mali yake ikisafiri na misafara kwenda Sham, akiwakabidhi wanaume mtaji kwa makubaliano ya faida. Alisikia habari za ukweli na uaminifu wa Muhammad (S.A.W.) miaka kabla ya utume, watu wakimwita Al-Amin. Akamkabidhi mali na akampa mtumishi wake Maysara wafuatane. Waliporudi, faida ilikuwa nzuri, lakini hesabu haikueleza kila kitu. Maysara ndiye aliyeeleza aliyoyaona njiani: tabia, muamala, namna ya kusema na watu. Huo ulikuwa ushahidi wa mtu aliyesafiri naye, si wa mtu aliyesifu kwa mbali.

Basi mpango wako uanze hapo. Maysara wako ni nani? Ni kijana wa bodaboda anayepeleka keki. Ni binti anayekuoshea masufuria. Ni mwenye duka anayekukopesha unga na mayai. Hawa wanaiona biashara kwa ndani, wanajua kama mafuta ya kukaangia unayabadilisha au unayarudia wiki nzima. Ukimkalia binti wa watu mshahara wa miezi miwili, huku kwenye stetasi yako umeandika wanawake tuinuane, kumbuka kila jioni anarudi Jang'ombe au Kwahani na anaulizwa kazi inakwendaje. Jibu atakalotoa hapo barazani lina nguvu kuliko picha zako zote. Ndiyo maana nasema mfanyakazi ndiye mtu wa kwanza katika mpango wa uhusiano, kabla ya mteja. Najua wapo watakaonipinga.

La pili ni aibu ndogo ndogo za bidhaa. Mnaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikagusa umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na hapo likaja onyo kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Darasa zima la uhusiano na umma limo humo. Mvua haikuwa kosa la yule bwana. Kosa lilikuwa kuificha chini. Buibui lina mshono uliokwenda upande? Piga picha mshono huo, sema, punguza bei. Udi ni wa kuchanganya, si wa mti mtupu? Andika hivyo. Mteja aliyeambiwa kasoro na wewe anarudi, aliyeigundua nyumbani anakwenda kuisimulia.

Halafu kuna siku yenyewe, ile tunayoomba isitufike. Chukulia dada anapika keki za harusi. Jumapili usiku unazunguka ujumbe wa sauti kwenye makundi ya WhatsApp: watu waliokula keki ya fulani wameumwa matumbo. Kufika alfajiri umeshavuka bahari hadi Pemba na Muscat. Dada anafanya nini? Mara nyingi huwa moja kati ya mawili: anazima simu, au anapandisha stetasi za mafumbo na kuvaa kanga yenye jibu. Kanga tunaipenda sote na mipasho ni yetu, lakini aliyeumwa tumbo hahitaji fumbo. Anataka kujua kama na mwanawe aliyebakisha kipande ale au asile.

Mfano unaosomeshwa sana duniani katika jambo hili ni wa mwaka 1982. Karibu na Chicago, Marekani, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson haikuwa imetia sumu hiyo. Ingeweza kusema hayatuhusu, watafuteni wahalifu. Badala yake iliwatangazia watu wasivitumie, ikafungua simu ya bure ya kuuliza, ikaondoa madukani chupa milioni 31 hivi, hasara ya zaidi ya dola milioni 100, na iliporudi sokoni ilirudi na chupa zilizozibwa kwa namna ambayo ukiifungua inaonekana. Wengi walidhani jina lile limekufa, lakini halikufa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kampuni ilikuwa na waraka wake wa tangu 1943 uliosema wajibu wa kwanza ni kwa wanaotumia bidhaa, akina mama wakiwemo, na wenye hisa wakaja mwisho. Walipobanwa hawakuanza kutafuta msimamo, waliusoma.

Na ili nisiwasifie kupita kiasi: kampuni hiyo hiyo baadaye ilishtakiwa na maelfu ya watu kuhusu poda yake ya talki, ile tuliyowapaka watoto wetu kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2023 ikaacha kuiuza ya talki duniani kote huku ikikana kuwa inaleta saratani. Sifa ya 1982 haikuwasaidia mahakamani.

Sasa dada wa keki hana dola milioni 100, ana daftari. Mpango wake unaingia ukurasa mmoja, uandikwe leo kukiwa shwari. Nani atasema kwa niaba ya biashara? Mtu mmoja tu, si yeye, mume, wifi na shoga kila mmoja na lake. Saa ya kwanza atasema nini? Maneno mafupi: nimesikia, nawapa pole, aliyebakiwa na keki ile asiile, naomba walioumwa wanipigie nijue hali zao, nafuatilia chanzo. Hajakiri asichokijua na hajamwita mtu mwongo. Na daftari limuoneshe siku ile alinunua mayai wapi, krimu ilikaa friji muda gani, keki ilitoka saa ngapi. Vibali vya chakula viwe mahali anapovifikia, si chini ya godoro. Tukumbuke pia Suratul Hujurat inatuamrisha kuchunguza habari inapotufikia. Nasi tunaosambaza sauti zile tunahusika. Pengine keki haina kosa na biriani ndiyo yenye kosa.

Jambo ambalo linanikera, na nitalisema: futari za kamera. Kila Ramadhani biashara zetu zinagawa tende, mchele na sukari, jambo jema. Kisha picha: bibi kizee kashikishwa mfuko wenye nembo, macho chini, hajaulizwa kama anataka kuonekana na watu elfu tano. Qur'ani katika Suratul Baqara haikukataza sadaka ya wazi, imeitaja kuwa ni vyema, ila imesema kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi, na imeonya tusiibatilishe kwa masimango na udhia. Nimeisikia hoja ya kwamba picha inahamasisha wengine. Haya, piga masufuria, piga magunia, piga vijana wakipakia gari. Uso wa anayepokea uuache. Kama kampeni yako haiwezi kusimama bila uso wa maskini, hiyo ni bajeti ya matangazo, iite hivyo na uitoe katika mtaji, usiihesabu katika sadaka.

Vile vile kuwalipa mabinti waandike maoni ya kusifu bidhaa ambayo hawajaitia mkononi. Ni lundo lile lile, mvua iko chini.

Kuhusu redio, watu hudhani lazima ulipie. Kipindi unacholipia ni tangazo na wasikilizaji waambiwe hivyo. Lakini watayarishaji wa vipindi vya wanawake wanatafuta mazungumzo yenye faida kila wiki. Usiende kusema sabuni yangu ni nzuri. Dada wa Paje au Jambiani aende aeleze kwa nini mwani mkavu unauzwa kwa bei ndogo na mche wa sabuni yake unauzwa kwa bei kubwa, nini kinafanyika katikati, na mwanamke mwenye kamba chache baharini anaanzia wapi. Aandike barua ya nusu ukurasa, ataje jambo moja atakalofundisha, aweke namba ya simu inayopokelewa. Asiyependa kuonesha uso kwenye mtandao naye redio inamfaa: hakuna anayemuuliza kavaa nini.