Mafuta Meusi Si Dhambi

Mwezi huu tumeletewa swali lile lile na watu wengi: kamyoneti ya mazutu itiwe mafuta gani, na moteri yake itunzwe vipi ili ikae safi ndani? Tunafurahi kulijibu, lakini kabla ya kufundisha wengine inabidi tuungame. Sisi wenyewe tuliwahi kuua moteri moja.

Jinsi tulivyoiua

Kikundi chetu cha familia 9 kilichanga pesa ya ikimina (kwetu tulizoea kusema likelemba) kwa miezi 14. Tukanunua kamyoneti ya zamani, Toyota Hilux ya mazutu. Waliovuka mpaka mwaka 2012, na waliovuka Januari 2025 wakati wa vita vya Goma, wanajua maana ya kuanza na mikono mitupu. Ile gari ilikuwa shamba letu. Ilibeba viazi kutoka Bigogwe, ikabeba kabichi, ikabeba sambaza wa ziwani, na siku za mwisho wa wiki ikahamisha vyombo vya watu hapa Gisenyi.

Tatizo letu lilikuwa kupenda rahisi. Tulipata mtu wa kutuuzia mafuta ya moteri kwa bei ya chini, dumu la lita 5 lisilo na maandishi. Mafuta yalikuwa mazuri kwa macho, ya njano kama asali. Dereva wetu akawa kila asubuhi anachomoa kijiti cha kupimia, anatuonyesha: "Wazee, angalieni, bado masafi!" Sisi nasi tukamsifu. Vidanji tukaiahirisha, tukawa tunaongeza tu pale yanapopungua. Nani amwage mafuta masafi?

Siku moja tukiwa na mzigo tulipita Mahoko, tukaanza kupanda kuelekea Bigogwe. Taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Dereva akasema tufike tu kilimani. Hatukufika. Moteri iligonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa, halafu kimya.

Fundi mzee aliyeifungua alituita tuone. Juu, chini ya mfuniko, kulikuwa na tope jeusi kama uji ulioungua. Chini kwenye karta, kile kichujio kidogo cha kufyonzea mafuta kilikuwa kimeziba kabisa. Mafuta hayakupanda tena, kusineti zikaungua, chuma kikala chuma. Akatuuliza, "Nyie, haya mafuta mlinunua wapi?" Hatukuwa na jibu. Mama mmoja wa kikundi, ambaye mchango wake wote ulitoka kwenye kuuza mboga, alikaa juu ya jiwe na hakusema neno hadi jioni.

Somo la yule fundi

Alichotuambia siku ile ndicho tunachotaka mkishike. Moteri ya mazutu inapochoma, inatoa masizi mengi. Sehemu ya masizi hayo inapenya kandokando ya pete za pistoni na kushuka kwenye mafuta. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mazutu yana dawa ndani yake. Dawa moja inaosha vyuma, nyingine inayashika masizi na kuyabeba yakielea, yasigandamane. Ndiyo maana mafuta mazuri yanageuka meusi haraka, pengine siku ile ile ya vidanji. Yamekuwa meusi kwa sababu yanafanya kazi. Siku ya vidanji uchafu wote unatoka nayo.

Mafuta yasiyo na dawa hiyo yanaweza kukaa na rangi nzuri muda mrefu, kwa sababu uchafu hayakuubeba. Yaliuacha ndani ya moteri. Ni kama maji ya kufulia: yakibaki meupe baada ya kufua nguo ya mtoto aliyecheza kwenye vumbi, ujue nguo haijatakata.

Kwa hiyo rangi si kipimo. Vipimo ni viwili: maandishi ya kwenye dumu, na hesabu ya kilomita.

Kusoma dumu

Tafuta herufi API. Baada yake kuna herufi mbili. Ikianza na S, mafuta yalikusudiwa petroli. Ikianza na C, ni ya mazutu. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi: CF-4 ni ya mwaka 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CK-4 ya 2016. Kwa kamyoneti ya zamani, CF-4 inatosha, CH-4 au CI-4 ni bora zaidi kwa kubeba masizi. Dumu lingine lina S na C pamoja; hilo linafaa pande zote mbili, ila angalia C yake ni ya ngapi. Magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi yanataka mafuta yake maalumu, kwa hayo fuata kitabu cha gari.

Halafu tafuta namba, kwa mfano 15W-40. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza mafuta yanavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, yanafika juu upesi asubuhi. Namba ya pili ni uzito wake moteri ikishapata moto. Hapa ziwani tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na ukipanda Bigogwe asubuhi baridi inauma kweli. Kwa moteri nyingi za huku 15W-40 ni chaguo zuri. Wengine hutia 20W-50 kwenye moteri iliyochoka ili isile mafuta sana. Inasaidia kidogo, lakini haiponyi ugonjwa.

Nunua dumu lenye muhuri ambao haujavunjwa, kwenye duka ambalo utalikuta palepale mwezi ujao. Ukimaliza, litoboe dumu lako kabla ya kulitupa, maana madumu yenye chapa nzuri yanaweza kuokotwa na kujazwa mafuta ya ovyo.

Kuhesabu safari

Kwa moteri hizi za zamani, vidanji ni kila kilomita 5,000, pamoja na chujio jipya la mafuta. Ukiacha chujio la zamani, umeoga na kuvaa nguo chafu.

Mtatuambia: kamyoneti yetu, kile kisaa cha kilomita kilikufa zamani! Basi hesabuni safari. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni karibu kilomita 155, kwenda na kurudi 310. Safari 16 zinakaribia 5,000. Kwenda Musanze na kurudi ni karibu 120, basi ni safari kama 41. Kwa mzigo mzito, milima na vumbi, sisi sasa tunapunguza: Kigali mara 12, tunafanya vidanji. Tuna daftari ndani ya gari, na mtoto wa shule wa dereva ndiye mwandishi. Haruhusu uongo hata kidogo.

Fanyeni vidanji moteri ikiwa na joto, ili masizi yatoke pamoja na mafuta. Gari isimame mahali tambarare. Jazeni hadi kati ya alama mbili za kijiti, msipite ile ya juu. Mafuta yakizidi yanatoa povu na yanaweza kuvutwa yakaungue ndani.

Usafi unaanzia nje

Vumbi la huku linatokana na mawe ya volkano, ni kali kama msasa. Wanaopita barabara za mawe upande wa Goma, palipopita lava ya Nyiragongo Januari 2002 na tena Mei 2021, wanalijua vizuri. Likiingia kwa njia ya hewa linasaga pete na silinda. Kagueni chujio la hewa kila wiki. Likungute polepole, au lipulize kutoka ndani kwenda nje. Likichanika, badilisheni. Msiendeshe bila chujio hata siku moja. Na likiziba, moteri inakosa hewa, inatoa moshi mweusi, masizi yanaongezeka kwenye mafuta.

Mazutu ya kwenye bidoni iache itulie usiku mzima, uimimine kupitia kitambaa safi, na zile za chini kabisa usizitie. Chini ya chujio la mazutu magari mengi yana kikorokoro cha kutolea maji. Kifungueni mara kwa mara.

Dalili za kusimama hapo hapo

Taa ya mafuta ikiwaka, zima moteri. Si kilimani, si kwenye duka linalofuata. Hapo hapo. Mafuta yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine jwenti ya kilasi imekufa. Mafuta yakipanda kwenye kijiti bila mtu kuongeza, mazutu au maji yanavuja ndani. Moshi wa bluu ni mafuta yanayoungua.

Na ukinunua moteri iliyojaa tope, usiioshe kwa mazutu wala kwa dawa kali. Tope likibanduka kwa pamoja litaziba kichujio cha chini, yatakupata yaliyotupata. Tia mafuta mazuri ya C, endesha kilomita 1,000, mwaga, badilisha chujio, rudia. Iache isafike polepole.

Mafuta machafu msiyamwage mtaroni. Mvua ya Gisenyi inayapeleka yote ziwani, na ziwa ndilo linalotulisha sambaza. Yawekeni kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, myapeleke garaji inayoyakusanya. Na msiyapake kwenye ngozi ya mtu wala ya mnyama, hata mkiambiwa ni dawa.

Tulipofikia

Ilituchukua zaidi ya mwaka kupata moteri nyingine, ya mtumba. Familia 2 zilichoka zikajitoa, na hatukuwalaumu. Yule mama wa mboga alibaki. Siku ya kuwasha moteri mpya aliomba yeye ndiye achomoe kijiti baada ya safari ya kwanza. Alikitazama, kikiwa cheusi tititi, akacheka: "Haya, leo inafua."

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mwenye swali alilete kwa maandishi au kwa mdomo, na mwenye gari aje nalo.