"Pu" na "Thud" ni Ndugu

Wako walimu wenzetu wafutao kwa wino mwekundu maneno kama "pu" na "tubwi" kila wayaonapo katika insha za watoto. Husema, "Hayo ni makelele ya kitoto, wenye elimu hawaandiki hivyo." Sisi twakataa, na shahidi wetu ni lugha ile ile ya Kiingereza waisifuyo.

Waingereza wanayo maneno mengi yaigayo mlio wa kitu kiangukacho. Gunia likidondoka udongoni, husema "thud". Kijiwe kikitumbukia kisimani, ni "plop". Mtu akijitupa mtoni, maji yakaruka huku na huku, ni "splash". Sahani zikianguka zikavunjika, ni "crash". Je, wameyafuta? La, wameyapandisha cheo. Mwaka 1929 bei za hisa zilipoporomoka ghafula katika soko la New York, na watu wengi wakafilisika, msiba ule uliitwa "crash". Na hata leo waandishi wa historia huliandika neno hilo vitabuni bila kuona haya.

Atasema mtu, "Lakini 'crash' hutumika kama jina na kama kitendo, 'pu' haligeuki." Kweli, haligeuki, lakini hiyo ni tofauti ya mahali pa kukaa, si ya heshima. Kiingereza huutia mlio ndani ya kitendo chenyewe. Kiswahili huuweka nyuma ya kitendo, ukakitimiza. Nazi imeanguka pu: msikiaji ajua kuwa ni kitu kizito. Jiwe limeanguka tubwi: ajua kuwa pana maji, wala maji hayakutajwa. Neno moja fupi limefanya kazi ya sentensi nzima.

Wala tusidhani kuwa dawa ni kuazima "thud". Kila lugha husikia kwa sauti zake yenyewe. Mwingereza hulifunga neno lake kwa "d". Maneno yetu huishia kwa irabu, ndiyo maana twasema "pu". Mlio ni mmoja, masikio ni mawili.

Basi, enyi walimu wenzetu, wekeni chini wino huo mwekundu. Mtoto akiandika "pu" penye maji, msahihisheni. Akiliandika mahali pake, msifuni. Nanyi wazazi, yatumieni maneno haya jioni mnapowasimulia watoto hadithi. Usiache mbachao kwa msala upitao.