Mshahara Hudaiwa kwa Bei ya Kesho

Mshahara hupangwa leo, lakini hutumiwa siku zijazo. Nchini Kenya, makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kwa kawaida hudumu miaka 2, hivyo wanaojadili nyongeza hawana budi kukisia bei zitakavyokuwa muda huo wote. Bei zikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka, mshahara wa Sh30,000 usioongezwa utanunua, mwisho wa mkataba, kiasi cha Sh25,700 za leo tu. Anayehofia hilo hudai fidia mapema.

Hofu hiyo hulelewa zaidi dukani na kwenye kituo cha matatu kuliko katika ripoti za takwimu. Unga, mafuta ya kupikia na nauli hulipiwa kila mara, na ndizo bei zinazokumbukwa. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita Sh200. Mei mosi mwaka huo serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 12, wakati mfumko wa bei ulikuwa karibu asilimia 6.5. Kufikia Oktoba ulikuwa asilimia 9.6. Waliotarajia mabaya hawakukosea.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanauchumi Milton Friedman na Edmund Phelps walieleza jinsi matarajio yanavyoweza kuuendeleza mfumko wenyewe. Wafanyakazi hudai zaidi, mwajiri huhamishia gharama kwa mnunuzi, bei hupanda, na madai mapya hufuata. Mzunguko huo huhitaji wafanyakazi wenye nguvu ya kujadiliana. Fundi wa jua kali au kibarua asiye na chama huona bei zikipanda vilevile, lakini hana meza ya kupeleka dai lake, hivyo hupunguza chakula sahanini.

Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumko wa asilimia 5, ukiruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2.5. Lengo hilo likiaminika, chama huweza kutia saini nyongeza ya wastani bila woga. Imani hiyo haijengwi kwa kuwakemea wafanyakazi kuwa wana tamaa. Hujengwa na bei zinazotulia mwaka baada ya mwaka. Anayetaka madai ya mishahara yapoe, na aanze kwa kutuliza bei ya unga.