Mwacheni Mwalimu Akimbie

KUTOKA UNYANYEMBE
Na Mwana Kazeh

Jumanne alfajiri nilikuwa barabara ya kwenda Kwihara, ndiyo kwanza kunapambazuka. Mbele yangu, kama hatua hamsini hivi, alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka hamsini na kitu. Miguuni raba, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali ya michezo, anakimbia taratibu, pumzi zake zimetulia. Alipokaribia kijiwe cha bodaboda, kelele zikaanza.

"Mwalimu, wa mikopo ya kausha damu wamekufikia?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mwingine akadakia kwamba angempeleka kwa buku tu, asijitese. Hayo ni ya vijana. Lililonichoma lilitoka kwa mtu mzima wa rika langu, aliyekuwa ameshakaa juu ya pikipiki tayari kwa safari. Alisema kwa sauti, mama asikie: "Hana lolote, sukari hiyo. Mtu mwenye wajukuu hakimbii bila sababu."

Mwalimu hakusimama. Alijifuta jasho kwa ncha ya kanga, akaendelea na njia yake. Niliyesimama ni mimi. Wasomaji wa siku nyingi mnanijua mimi na vijiwe. Sipiti pahali pa namna hiyo nikanyamaza. Nikawauliza wale vijana: ni nani hapa ambaye mama huyu hakumfundisha kusoma? Wawili wakainamisha vichwa. Yule mtu mzima akamgusa dereva begani, wakaondoka. Namfahamu kwa sura. Kutoka nyumbani kwake hadi dukani kwake ni mwendo wa dakika tano, na kila asubuhi anaukodia pikipiki.

Leo ni siku ya nne na hasira haijanitoka. Ingekuwa mji mwingine, ningesema hawajui. Lakini hapa ni Tabora! Mji huu ulijengwa na miguu. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati ule, Novemba 1857 waliukuta tayari ni makutano ya misafara ya kwenda Ujiji, Karagwe na pwani. Reli ilitufikia mwaka 1912. Kabla ya hapo, pembe, vitambaa, shanga na chumvi vilisafiri juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo thelathini au zaidi kwa njia ya zaidi ya kilomita 800 hadi Bagamoyo, kisha akarudi na mzigo mwingine. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Wanawake nao walikuwemo safarini, na vyungu vyao na watoto mgongoni. Oktoba 1873, wale waliokuwa wameubeba mwili wa mmisionari Livingstone kutoka alikofia walipita hapa hapa Unyanyembe, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Wajukuu wa watu wa namna hiyo ndio leo wanaomcheka mama kwa sababu ametumia miguu yake.

Najua ugonjwa huu ulikotoka. Katika misafara ile walikuwemo pia wa kubebwa. Bwana mkubwa alipochoka au kuugua, aliwekwa kwenye machela na wanaume wakambeba. Machela ndiyo somo tulilolishika. Tukaamini kwamba anayebebwa ni bwana na anayetembea ni mpagazi. Ndiyo maana mtu akipata fedha kidogo, jambo la kwanza ni kuacha kutembea, na la pili ni kitambi, nasi tunakisifu kana kwamba ni cheo. Akipungua, tunanong'ona: kapatwa na nini?

Yamenikuta. Nilipokuwa na miaka 51, muuguzi alinifunga mkanda wa kupimia presha, akasoma, akaufunga tena, kisha akamwita daktari. Ilikuwa 170 kwa 105. Daktari alinipa vidonge, na vidonge hivyo nameza hadi leo. Asije mtu akaacha dawa zake kwa sababu ya safu hii. Akaniambia pia nianze kutembea, na mwili ukizoea, nikimbie.

Nilianzia chini ya miembe, ile ambayo wazee wanatuambia ilitokana na kokwa za watu wa misafara. Nilikimbia kutoka mwembe mmoja hadi wa pili, nikatembea miwili, nikakimbia tena mmoja. Wiki ya tatu nikawa nakimbia miwili. Mwezi wa nne nilifika Kwihara bila kutembea, nikasimama mbele ya tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, nikamshukuru Mungu kwa pumzi. Presha ilishuka, kilo 11 zikaondoka, usingizi ukarudi. Na kwa kilo hizo 11, ndugu yangu wa damu alikuja nyumbani nikiwa sipo, akamuuliza shemeji yenu kwa sauti ya chini kama nimeshapima ngoma, yaani UKIMWI. Mke wangu alilia siku ile. Sijamsahau ndugu huyo, na nimemsamehe, ila kicheko cha kijiweni kimenirudishia yote.

Jambo lenyewe si siri wala si la matajiri. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kumtoa jasho jepesi kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Gawanya mwenyewe: nusu saa, siku tano. Mwenye miaka arobaini au hamsini apime kwanza presha na sukari. Aanze kwa kutembea. Akimbie mwendo unaomruhusu kuzungumza. Akishindwa kutamka sentensi nzima, apunguze. Maumivu ya kifua ni amri ya kusimama na kwenda hospitali. Raba nzuri zipo kwenye mitumba, mradi kisigino hakijalika upande mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta presha ya juu kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne. Pale kijiweni nilihesabu watu wanane. Pigeni hesabu wenyewe.

Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, vijana wale wale waliizungusha video yake kwenye simu hadi chaji ikaisha. Walifanya vyema. Lakini mimi namkumbuka zaidi John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico, 1968. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho wakati giza limeshatanda. Watu waliokuwa wamebaki walisimama wakampigia makofi. Wageni wa nchi ya mbali walimheshimu Mtanzania wa mwisho kumaliza. Sisi hatuwezi kumheshimu mama yetu wa kwanza kuamka?

Nilimfikia mwalimu mbele kidogo siku ile, tukaenda pamoja. Nilitaka kumwombea radhi kwa niaba ya mji. Akaniambia amezoea, na ameshapoteza marafiki wawili waliokuwa na aibu ya kuonekana wakikimbia. Mmoja kiharusi, mwingine figo.

Kila alfajiri mwalimu huyu atapita barabara ya Kwihara. Hamna ulazima wa kukimbia naye. Lakini akipita mbele yenu, vijana na wewe mwenzangu wa pikipiki, neno la kumwambia mlifundishwa nyumbani kabla hamjaanza shule, nalo ni shikamoo.