Chifu wa Kuteuliwa si Mila Yetu

Wapo wanaodai kwamba chifu anayeteuliwa na serikali ni urithi wa mababu, na kwamba kumpigia kura ni uzungu. Uzungu ni upi? Cheo chenyewe kilizaliwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1902. Wagikuyu waliongozwa na mabaraza ya wazee. Vizazi viwili, Mwangi na Maina, vilipokezana madaraka kwa sherehe ya ituika. Kinyanjui wa Gathirimu alifanywa mkuu na wakoloni.

Watazameni Waborana, wa Kenya na wa Ethiopia. Aba gada huongoza miaka 8, kisha hukabidhi. Hukai siku moja zaidi! Tena mkutano mkuu wa Gumi Gayo una uwezo wa kumwondoa akikosa. (Wanawake hawakupewa kiti humo, hatusemi mila ilikuwa pepo.)

Makali ya Sheria ya Machifu yalipunguzwa mwaka 1997, nayo Katiba ya 2010 ikaagiza utawala huo upangwe upya uafikiane na ugatuzi. Hata hivyo chifu angali mwajiriwa wa serikali kuu, na aweza kukalia kiti mpaka umri wa kustaafu bila kuulizwa na anaowatawala.

Twadai kila lokesheni imchague chifu wake kwa muda maalumu, na iweze kumng'oa. Anayeliita dai hili ugeni na atuonyeshe aba gada aliyepata kuteuliwa kwa barua kutoka Nairobi.