"Chukulia Hakuna Msuguano": Kwa Ruhusa ya Nani?

Wenzangu wa ualimu wa Fizikia, hii sentensi ya "chukulia hakuna msuguano" tunaipenda mno. Inafupisha swali, inasahihishika haraka, dogo anapata alama zake, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba hatumwambii inaruhusiwa wakati gani.

Chukua bomba la chuma la mvuke kiwandani, mita 60, limefungwa kabisa upande mmoja na kulazwa juu ya viegemeo 10 vya chuma. Joto likipanda nyuzi 200, linarefuka kama sentimita 14, kwa hiyo lazima liteleze. Tuseme kila kiegemeo kimebeba newtoni 4,000, na kipimo cha msuguano wa chuma kwa chuma ni 0.3, namba ambayo wahandisi huitumia sana. Kila kiegemeo kinalizuia bomba kwa newtoni 1,200. Jumlisha vyote: newtoni 12,000 zinaishia pale lilipofungwa. Huo ni uzito wa zaidi ya tani moja, na kwenye "hakuna msuguano" ilikuwa sifuri! Bomba likipoa, kani inageukia upande wa pili.

Unaweza kuweka vipande vya Teflon, ile ile ya vikaango visivyogandisha, na 0.3 ikashuka hadi karibu 0.1. Lakini kinachonivutia ni kwamba wahandisi hawaiamini sana hata hiyo 0.3. Kutu na vumbi vinaibadilisha. Halafu msuguano una unafiki wake: pengine unaongeza mzigo, pengine unalizuia bomba lisiisukume pampu, na kwenye karatasi pampu inaonekana salama. Ndiyo maana hesabu hufanywa mara mbili, msuguano ukiwemo na usipokuwemo, na jibu baya zaidi ndilo linalojengewa.

Sasa sisi? Kidato cha Tatu tulisoma msuguano, tukasoma na kutanuka kwa vitu kwa joto, mada mbili ambazo kwenye madaftari yetu hazikuwahi kusalimiana. Nilipokuwa field, mwanafunzi mmoja aliuliza huo uso usio na msuguano unapatikana wapi. Darasa likacheka, akajibiwa kwamba hilo halitoki kwenye mtihani. Kwangu mimi lilikuwa swali bora la wiki nzima.

Sisemi tufundishe uhandisi sekondari. Nasema swali liwe na kipengele cha pili: rudia hesabu ukiweka msuguano, kisha useme ungejenga nguzo kwa jibu lipi, na kwa nini. Kwenye darasa la watu 80 kusahihisha kutauma, najua. Basi tuanze na swali moja kwa muhula.